Ukumbi wa Arnautoglu na Asili ya Dansi katika Mji wa Dar es Salaam

Mtu atokaye katikati ya mji wa Dar es Salaam kwenda Kariakoo hupita uwanja uitwao Mnazi Mmoja, na kando ya uwanja huo lasimama jumba ambalo jina lake rasmi ni la Mgiriki, George Arnautoglu, lakini wenyeji hulitamka Anatoglo. Si jumba kubwa, wala si la kale, maana lilijengwa mwanzo wa miaka ya 1950. Hata hivyo wazee waliokuwa vijana siku zile hawalitaji pasipo kutaja dansi, na waandishi wa habari za siasa hawalitaji pasipo kutaja mkutano wa Aprili 1953. Mambo hayo mawili huelezwa mbalimbali, kana kwamba yalitukia katika majumba mawili. Sisi twaona ya kuwa ni jambo moja, nasi tutajaribu kuonyesha sababu.

Imekuwa desturi, na hasa kati ya watu waliosoma shule, kusema ya kwamba dansi ni jambo la kigeni lililoingia mjini na kuifukuza ngoma. Wengine husema hivyo kwa furaha, wakidhani ni maendeleo. Wengine kwa huzuni, wakidhani ni hasara. Habari za ukumbi huu zaonyesha ya kuwa pande zote mbili zimepungukiwa. Dansi ilizaliwa katika vyama vya ngoma, ikachukua taratibu zake huko, ikakaa ukumbini muda wa kizazi kimoja, kisha ikairudia ngoma hata kwa majina. Asiyefuata njia hiyo hawezi kueleza kwa nini watu wa Kariakoo walijua kuendesha mkutano, kuchagua viongozi na kutunza fedha ya chama kabla hawajafundishwa na mtu wa serikali.

I. Mahali

Mji wa Dar es Salaam ulianzishwa na Seyyid Majid katika miaka ya 1860, na Wajerumani waliufanya makao ya serikali yao mwaka 1891. Walipoutengeneza waligawa watu kwa mahali: Wazungu upande wa mashariki karibu na bahari, maduka na nyumba za Wahindi katikati, na Waafrika upande wa magharibi. Mwaka 1914 walikuwa wakitengeneza mtaa mpya wa Waafrika, wakajenga na jengo kubwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka ule; vita vikaja, maonyesho yasifanyike. Waingereza waliingia mjini Septemba 1916, na mahali pale pakawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, walioitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wenyeji walilitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Vita vilipokwisha mtaa ukajaa watu, na lile jengo la Wajerumani likafanywa soko mwaka 1923.

Kati ya mtaa wa Wahindi na mtaa wa Waafrika Waingereza waliacha uwanja mtupu, ili watu wa pande mbili wasikae karibu mno. Huo ndio Mnazi Mmoja. Basi uwanja uliowekwa ili kutenga watu ukawa mahali pa kukutania: pa mpira, pa sikukuu, pa mikutano. Na ukumbi tunaoueleza ulijengwa kandokando ya uwanja huo huo.

Ni vema kueleza pia nyumba za Kariakoo zilivyokuwa, maana bila hizo neno lenyewe ukumbi halifahamiki. Nyumba ya Kiswahili ya mtaa ule ilikuwa na vyumba vitatu kuume na vitatu kushoto. Katikati palikuwa na njia ndefu toka mlango wa mbele hata wa nyuma. Mbele palikuwa na baraza, na nyuma ua, pamoja na jiko na choo. Ile njia ya katikati huitwa ukumbi. Ndipo mgeni apokewapo, na ndipo watu wakaapo mvua inyeshapo. Tena yako maneno kumbi na kumbini, yatumiwayo kwa mahali wanapokaa vijana wa jando. Kwa hiyo watu walipoanza kusema "ukumbi wa dansi" hawakubuni neno. Walichukua sehemu ya nyumba ambayo si ya mmoja bali ya wote wakaao humo, wakaitia jina la jumba ambalo si la mmoja bali la wote wakaao mtaani.

II. Beni

Kabla ya dansi palikuwa na beni. Neno hili latoka katika Kiingereza band, nayo ngoma yenyewe ilianza pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, ikashuka kusini hata Tanga na Dar es Salaam. Wachezaji waliandamana kwa gwaride, wakavaa mavazi kama ya askari au mabaharia, wakapiga matarumbeta na ngoma za Kizungu. Katika Tanganyika nzima palikuwa na pande mbili kubwa: Marini na Arinoti. Kila upande ulikuwa na vyeo vyake, toka Kingi na Kaizari hata majemadari na madaktari. Vita vya 1914 hata 1918 vilieneza beni mbali sana, kwa maana askari na wapagazi walikwenda nayo walikokwenda.

Wazungu wengi walioitazama beni waliona kuiga tu. Wengine waliogopa, wakidhani ya kuwa chini ya vyeo hivyo yamefichwa mashauri ya uasi. Lakini aliyetazama kwa makini aliona jambo jingine. Chama cha beni kilikuwa na wakubwa waliochaguliwa, na mwandishi, na mtunza fedha. Wanachama walitoa ada. Mwenzao alipougua walimtazama; alipokufa mbali na kwao walimzika, maana katika mji wa wageni ukoo hauko karibu. Pande mbili ziliposhindana zilishindana kwa karamu, kwa mavazi na kwa nyimbo za mafumbo; na aliyeshindwa alikuwa na haki ya kurudisha mwaka ujao. Basi beni ilikuwa ukoo wa watu wasio na ukoo mjini.

Hapa twapenda kumwonya msomaji apendaye maneno. Mtu akisikia Arinoti na kisha Arnautoglu atashawishika kusema ya kuwa ukumbi uliitwa kwa jina la ngoma. Sivyo. Jina la ukumbi ni jina la mtu, nalo ni la Kituruki: Arnaut maana yake Mwalbania, na oglu maana yake mwana wa fulani. Kufanana kwa sauti si ushahidi wa ukoo wa maneno.

III. Dansi na kilabu

Katika miaka ya 1930 vijana waliosoma, yaani makarani, walimu, mafundi na matarishi wa ofisi, walianza kujitenga na beni. Waliona gwaride la barabarani ni jambo la baba zao. Wao walitaka kucheza ndani ya nyumba, mwanamume na mwanamke wawili wawili, kwa mwendo wa foksitroti, walzi na rumba. Hiyo ndiyo iliyoitwa dansi, na neno hilo halikuwa na maana moja na ngoma. Ngoma huchezwa mahali pa wazi na kila apitaye aweza kuitazama. Dansi ina mlango. Ngoma hualikwa kwa mlio wake. Dansi hualikwa kwa kadi au kwa kiingilio. Mwaka 1932 ilianzishwa Dar es Salaam Jazz Band, nayo ni mama wa bendi nyingi za mji huo. Toka mwaka 1933 zikaanza kuuzwa santuri zilizoitwa GV, zenye muziki wa Kuba. Vijana wa pwani walizipenda mno, wakajifunza nyimbo hizo kwa kusikia tu, wakaziweka katika magitaa. Na muziki wa Kuba ulikuwa umetoka Afrika kwanza, ndani ya merikebu za watumwa. Kwa hiyo si ajabu masikio ya watu wetu yaliutambua upesi.

Dansi haikupokewa pasipo maneno. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, wasomaji walibishana juu yake. Wazee walisema si adabu mtu kumshika mke wa mwenziwe mbele ya macho ya watu. Wakuu wa dini, wa Kikristo na wa Kiislamu, wengi wao walikuwa na neno hilo hilo. Wenye dansi walijibu kwa kuonyesha kanuni zao: mavazi safi, mlango wenye mlinzi, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na mwenye kugombana kutolewa nje. Majibu hayo yapasa kuangaliwa sana. Hawakusema, "Tuacheni tufanye tupendavyo." Walisema, "Sisi tuna sheria kuliko ninyi." Wenye beni nao wangaliweza kusema maneno hayo, kwa maana kanuni hizo zilitoka kwao.

Neno kilabu nalo lilikuwa na maana zaidi ya leo. Siku hizi katika mahali pengi kilabu ni nyumba ya pombe ya kienyeji. Siku zile kilabu cha dansi kilikuwa chama: magitaa, saksafoni na ngoma vilinunuliwa kwa fedha ya wanachama, navyo vilikuwa mali ya chama, si mali ya mpigaji. Mpigaji akihama aliviacha. Chama kilikuwa na mwenyekiti, katibu na daftari. Wapigaji walikuwa na kazi nyingine mchana, wakajifunza jioni. Shida yao ilikuwa mahali, maana ua wa nyumba ya Kiswahili ni mdogo, na ngoma za barabarani zilitakiwa kibali cha serikali.

IV. Jumba na mtoaji wake

Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945 mji ulikua kwa haraka. Mwaka 1948 ulihesabiwa watu 69,227. Mwaka 1957 walikuwa 128,742. Askari walirudi toka Burma wakiwa wameona mengi, na vijana wa bara waliingia kutafuta kazi. Serikali ya Kiingereza ilikuwa na hofu ya watu wengi wasio na la kufanya jioni, ikaanzisha majumba ya maendeleo ya watu, penye kusoma, kushona, michezo na mafunzo ya jioni. Ndipo Bwana George Arnautoglu alipotoa fedha ya kujenga jumba la Mnazi Mmoja. Yeye alikuwa tajiri wa mkonge, na mkonge ndio uliokuwa utajiri mkubwa wa Tanganyika zamani zile. Jumba likaitwa kwa jina lake.

Basi ukumbi ulikuwa zawadi ya tajiri, na ulikuwa chini ya serikali, kwa kusudi la kuwapa watu burudani njema ili wasielekee mambo mengine. Lakini mtoaji wa jumba hawezi kutoa desturi zitakazokaa ndani yake. Watu wa Kariakoo waliingia na desturi zao: vyama, wenyeviti, madaftari, mashindano. Kwa hiyo haikuwa shida kwao kutumia ukumbi ule ule Jumamosi kwa dansi na siku nyingine kwa jambo jingine.

Jambo hilo jingine lilikuja Aprili 1953. Chama cha Waafrika, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929 na toka mwaka 1948 kikiitwa Tanganyika African Association, kilifanya uchaguzi wake katika ukumbi wa Arnautoglu. Waliosimama kwa urais ni wawili. Mmoja alikuwa Abdulwahid Sykes, mwana wa Kleist Sykes aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama hicho. Naye alikuwa askari wa Burma, na kazi yake ilikuwa usimamizi wa soko la Kariakoo. Wa pili alikuwa Julius Nyerere, aliyerudi toka Edinburgh mwaka 1952, naye alikuwa mwalimu wa shule ya misheni huko Pugu. Akachaguliwa mwalimu. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai 1954, chama kikageuzwa kuwa TANU, katika nyumba yake yenyewe ya New Street, ambayo sasa huitwa Lumumba, mwendo mfupi toka ukumbini.

Wasomaji wetu walio walimu watalifurahia jambo hilo kwa sababu ya mwalimu. Twawaomba walifikiri pia kwa sababu ya soko na ya ukumbi. Mtu wa soko na mtu wa shule walikutana mahali ambapo watu walikuwa wamezoea kukutana na watu wasio wa kabila lao, kwa kanuni walizozikubali wote. Vivyo hivyo mwaka 1955, TANU ilipotaka kuwaingiza wanawake, haikuanza na mashule. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma, alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, nao wakaja na watu wao wote. Aliyedharau ngoma hakuweza kujua ya kuwa kulikuwa na jeshi zima ambalo tayari lina majemadari wake.

V. Bendi za mji na kwao kwa watu

Mwishoni mwa miaka ya 1950 bendi za Kariakoo ziliongezeka. Kilwa Jazz ilikuwa na Ahmed Kipande, Western Jazz ilianzishwa na Iddi Nhende, na tena palikuwa na Rufiji Jazz na Ulanga Jazz. Msomaji atazame majina hayo. Ni majina ya kwao kwa watu: Kilwa, Rufiji, Ulanga, na jimbo la magharibi. Mtu aliyetoka Kilwa, akawa mgeni mjini, alipata katika kilabu watu wa kwao, habari za kwao, na msaada wa kwao. Lakini mlango wa dansi ulikuwa wazi kwa watu wa kila kabila, na nyimbo ziliimbwa kwa Kiswahili, kwa hiyo bendi yenye jina la wilaya moja ilichezewa na watu wa wilaya zote. Hili ndilo jambo ambalo beni ililianza na dansi ikalikamilisha: kumpa mtu ukoo mjini pasipo kumfunga katika ukoo huo.

Dansi ya ukumbini ilikuwa na adabu zake. Bendi ilikaa mbele juu ya jukwaa. Viti vilipangwa kando ya kuta, na katikati pakaachwa wazi. Wanaume walivaa suti na tai, wanawake magauni, hata mtu mwenye mshahara mdogo alijinyima ili apate viatu vyeusi. Mwanamume alivuka uwanja, akainama kidogo mbele ya mwanamke, na wimbo ulipokwisha alimrudisha kitini pake. Vijana walikuwa na dansi yao ya mchana, iliyoitwa bugi, ili warudi nyumbani kabla ya usiku. Adabu ya kumrudisha mwanamke kitini haikuwa jambo dogo. Katika mji ambao mwanamke wa Kiafrika akitembea jioni alidhaniwa vibaya, ukumbi ulikuwa mahali adimu ambapo aliweza kukaa mbele ya watu akaheshimiwa. Si kila mwanamume aliyeitunza adabu hiyo, wala malalamiko ya wazee hayakuwa ya bure. Lakini kanuni ilikuwako, na ilijulikana na wote.

Redio nayo ilisaidia. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na bendi zilizopiga Jumamosi mjini zikaweza kusikika siku nyingine mbali na mji.

VI. Ngoma inarudi

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mambo ya muziki yakabadilika kwa namna ambayo wengi hawakuitazamia. Mwaka 1964 chama cha wafanya kazi, NUTA, kilianzisha bendi yake. Kisha jeshi, polisi na mashirika ya umma yakafanya hivyo. Wapigaji sasa walipewa mshahara na vyombo, wakawa watu wa kazi hiyo tu. Vilabu vya zamani, ambavyo wanachama wake walichanga senti zao wenyewe, havikuweza kushindana na mshahara. Kimoja kimoja vikapoteza wapigaji wake, vikafa. Dansi nayo ikatoka ukumbini, ikaenda katika viwanja vya baa huko Ilala, Magomeni na Kinondoni, penye nafasi zaidi na bia zaidi. Serikali mpya pia ilitaka kuchunga ucheshi wa vijana, na mwaka 1969 muziki wa soul wa Marekani ukapigwa marufuku katika Dar es Salaam.

Siku hizo neno mtindo lilipata maana mpya. Zamani mtindo ni namna ya kufanya jambo au kuvaa. Sasa kila bendi ilijitangaza kwa mtindo wake, yaani jina la uchezaji wake: Western Jazz walikuwa na saboso, Dar es Salaam Jazz walikuwa na mundo. Na hao NUTA, bendi ya wafanya kazi wa taifa jipya, walichagua neno gani? Walichagua msondo. Msondo ni ngoma ndefu ipigwayo katika shughuli kubwa za watu wa pwani. Mwaka 1978 ilianzishwa Mlimani Park Orchestra, ambayo baadaye ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, yaani DDC, ikapiga hata katika ukumbi wa DDC wa Kariakoo. Nayo ilijiita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, ikaongeza ya kuwa ni ngoma ya ukae, yaani ya nyumbani.

Hapo ndipo mzunguko unapoonekana. Vijana wa 1932 waliiacha ngoma wakaingia dansini. Watoto wao na wajukuu wao, wenye magitaa ya umeme na matarumbeta, walipotafuta jina la kujisifia walirudi kwenye ngoma za Uzaramo, katika nchi ambamo mji wenyewe umejengwa. Tena kwa miaka mingi watu wa Dar es Salaam waligawanyika pande mbili, huyu wa Msondo na huyu wa Sikinde, wakashindana kwa nyimbo za mafumbo na kwa wingi wa wafuasi, kama baba wa baba zao walivyogawanyika Marini na Arinoti. Majina yalibadilika na vyombo vilibadilika. Desturi ya pande mbili haikubadilika.

Mtu mmoja aliunganisha nyakati hizo mbili, naye ni Michael Enoch. Alikuwa kiongozi wa Dar es Salaam Jazz, ile bendi ya kale, kisha akawa katika Mlimani Park. Wenzake walimwita Ticha, kwa kuwa aliwafundisha wengi kupiga. Walimu wetu wafikiri juu ya jina hilo: mjini hapakuwa na shule ya muziki huo, lakini palikuwa na mwalimu.

VII. Mji wa sasa

Kariakoo ya nyumba za Kiswahili imekaribia kwisha. Soko la Wajerumani liliondolewa, na jipya, lililochorwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Toka miaka ya 1990 nyumba za vyumba sita zimekuwa zikivunjwa, na mahali pake pamesimama maghorofa ya maduka. Julai 2021 soko liliungua moto. Novemba 2024 ghorofa moja la Kariakoo liliporomoka na kuua watu wengi. Mji ambao ulikuwa na watu 69,227 mwaka 1948 ulihesabiwa watu 5,383,728 mwaka 2022. Hatusemi ya kuwa watu hao wangeweza kukaa katika nyumba za udongo na makuti, wala hatumlaumu mwenye kiwanja akiuza, maana ana watoto wa kusomesha. Lakini pamoja na nyumba zimeondoka baraza, kumbi na nyua, na hizo ndizo zilizokuwa ofisi za vilabu.

Jumba la Arnautoglu limebaki, na hata katika miaka ya karibuni madiwani wa Ilala wamekutana ndani yake. Kuta zake zimetunzwa kuliko watu wake. Kwa maana hatari si kuvunjwa kwa jumba. Hatari ni kwamba vyama vilivyolijaza havikuandikwa. Nyimbo nyingi zimehifadhiwa, kwa kuwa Redio Tanzania ilirekodi bendi kwa miaka mingi. Ila daftari la katibu, kadi ya mwaliko, orodha ya ada, picha ya wanachama wamesimama mbele ya vyombo walivyovinunua wenyewe, vitu hivyo havikuwekwa redioni. Viko ndani ya masanduku ya watu, na sanduku la mzee aliyekufa hutupwa siku nyumba ivunjwapo.

Basi twawaomba walimu na wachungaji wa mitaa ya Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke, ambao huingia katika nyumba za wazee kwa haki, kuwaona wagonjwa na kuzika, wawaulize maneno machache. Kilabu chako kiliitwaje, na kilikutana nyumba ya nani? Nani alikuwa katibu? Ada ilikuwa shilingi ngapi, na mwenzenu alipofiwa mlitoa nini? Mliimba mafumbo gani juu ya kilabu cha pili, nao walijibu nini? Dansi ilipokwisha mlirudi nyumbani kwa njia gani? Na kabla ya dansi, baba yako au mama yako alicheza ngoma gani?

Swali hilo la mwisho lisiachwe. Wazee wengi wa dansi hulijibu polepole, kwa kuwa walifundishwa ya kuwa ngoma ni jambo la washamba. Mwenye kuuliza angoje. Maneno yatakayotajwa yaandikwe kama yalivyotamkwa, pasipo kuyasahihisha; Anatoglo iandikwe Anatoglo, na chini yake jina la mtaa na mwaka, maana katika matamshi hayo ndimo wenyeji walimolifanya jumba la mgeni kuwa lao.